Kamera ya Kuchorea Ramani: Cha Kutazama Kabla Hujalipa

Picha ya setilaiti ya Kigoma inaonyesha mengi. Utaona mabati ya mtaa wa Mwanga yanavyong'aa, reli inavyoshuka hadi stesheni, boti zilizopangwa ufukweni Kibirizi na vivuli vya miembe ya Ujiji. Lakini bati ni bati tu. Picha hiyo haikuambii ipi ni zahanati na ipi ni stoo ya dagaa, kisima kipi kinatoa maji na kipi kimekauka, wala kama njia ile nyekundu inayopanda kilima inapitika kwa bajaji au ni ya miguu tu. Hayo hupatikana kwa kutembea. Na mtu akishatembea mitaa mitatu, kichwa chake hakiwezi tena kubeba kila kibao alichokipita. Hapo ndipo kamera inapohitajika.

OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, imejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa namna hii: mtu anatoka na GPS na kamera, anapiga picha za vibao, madaraja, mabomba na milango, kisha jioni anakaa na kompyuta na kuyaingiza aliyoyaona. Tanzania tunaifahamu kazi hiyo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakichora maeneo yanayofurika. Mwaka huohuo mradi wa kujitolea wa Crowd2Map ukaanza kuvitia kwenye ramani vijiji ambavyo havikuwa na chochote zaidi ya jina. Na kwetu Kigoma, waangalizi wa misitu wa vijiji jirani na Gombe wamekuwa wakikusanya taarifa kwa simu kwa miaka mingi.

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii huuliza kwanza: ninunue kamera gani isiyonimaliza mfuko? Dukani atajibiwa kwa megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Hiyo 12, hii 20, ile 48, na bei inapanda kila hatua. Mimi nasema kwa uhakika kwamba kwa kazi ya ramani megapikseli ni sifa ya kutazamwa mwisho. Ya kwanza ni saa ya kamera. Zinazofuata ni wepesi wake wa kupiga picha moja baada ya nyingine, umeme wake, na lenzi yake. Picha ya ramani haitundikwi ukutani. Inatakiwa kujibu maswali mawili: hiki ni nini, na kipo wapi. Ikishindwa kujibu moja kati ya hayo, hata iwe nzuri namna gani, haina kazi.

Tuanze na megapikseli ili tuziweke mahali pake.

Chukua kamera ndogo ya kawaida ya megapikseli 12, yenye picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, na lenzi pana ya kile wapiga picha wanachokiita milimita 28. Simama mita 10 kutoka kwenye ukuta. Upana wa ukuta utakaoingia kwenye picha ni kama mita 12 na kidogo. Ukigawanya pikseli 4,000 kwa upana huo, kila mita ya ukuta inapata pikseli zaidi ya 320. Kwa hiyo herufi ya sentimita 10 kwenye kibao cha duka la dawa inapata pikseli kama 32 za urefu, na hiyo inasomeka bila taabu yoyote. Rudi nyuma hadi mita 30, herufi ileile inabaki na pikseli 11 hivi. Hapo unakodoa macho na kubahatisha.

Sasa ongeza megapikseli mara mbili, hadi 24. Watu wengi hudhani herufi itaonekana mara mbili zaidi. Sivyo. Megapikseli huhesabu eneo, upana kwa urefu, kwa hiyo zikizidishwa mara mbili, kila upande unaongezeka mara 1.4 tu. Herufi yetu inatoka pikseli 32 kwenda 45. Faida hiyohiyo ungeipata kwa kusogea kutoka mita 10 hadi mita 7, yaani hatua nne, bila senti moja. Hata kamera ya zamani ya megapikseli 5 inakupa pikseli zaidi ya 20 kwa herufi hiyo ukiwa mita 10, na inasomeka.

Jambo jingine ni kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye kamera nyingi ndogo kina upana wa kama milimita 6. Kukigawa kipande kidogo hivyo katika pikseli milioni 20 ni kuifanya kila pikseli ipate mwanga haba, na mwanga ukipungua kidogo picha inajaa chengachenga. Kampuni ya Olympus ilipotoa kamera yake ngumu ya TG-5 mwaka 2017, iliteremsha megapikseli kutoka 16 za TG-4 hadi 12. Hawakuwa wakirudi nyuma. Walitaka picha safi kwenye mwanga hafifu.

Chenye faida kubwa kuliko megapikseli ni zumu ya lenzi yenyewe, si ile ya kukuza picha kwa kompyuta ya ndani, ambayo hukata tu kipande cha picha na kukivuta. Zumu halisi ya mara tatu inakifanya kibao cha mita 30 kisomeke kana kwamba umesimama mita 10. Kwa namba za nyumba zilizobandikwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, ambazo tarakimu zake ni ndogo na mara nyingi ziko nyuma ya geti au ng'ambo ya mtaro, zumu ya namna hiyo inakuokoa kubisha hodi kila mlango.

Saa, saa, saa

Kamera nyingi za bei nafuu hazina GPS ndani. Hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu GPS unayo tayari mfukoni. Simu yenye programu kama OsmAnd au OSMTracker inarekodi njia yako yote katika faili la GPX: kila nukta ina mahali na ina saa. Kamera nayo, hata ya mwaka 2006, huandika ndani ya kila picha tarehe, saa, dakika na sekunde iliyopigwa. Jioni unafungua vyote viwili katika programu ya JOSM, ambayo ni ya bure. Programu inauliza: picha hii ilipigwa saa ngapi? Na saa hiyo mtu huyu alikuwa wapi? Inaiweka picha kwenye nukta hiyo ya ramani. Kazi yote inasimama juu ya saa mbili kuelewana.

Zisipoelewana, gharama yake unaweza kuihesabu. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda kilomita 5 kwa saa, sawa na mita 1.4 kwa sekunde. Saa ya kamera ikikosea sekunde 10, kila picha inahama mita 14. Katika msongamano wa Mwanga, mita 14 ni duka la tatu au la nne. Ukiwa juu ya bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa, sekunde hizohizo 10 ni mita 100. Na saa ikikosea kwa saa nzima, picha za Ujiji zitakwenda kutua Gungu.

Kwa watu wa Kigoma, tatizo hili lina vichwa vitatu, na ni vizuri kuvijua kabla.

Faili la GPX huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Picha iliyopigwa saa tatu asubuhi itaonyesha 09:00 kwenye kamera na 06:00 kwenye GPX. Hili ni dogo: unaiambia JOSM kwamba kamera iko +3, basi. Kichwa cha pili ni chetu wenyewe. Kuna anayepokea kamera asubuhi, akaona inadai iwekwe saa, akaweka 3:00 kwa sababu kweli ni saa tatu. Mwenzake kaweka 09:00. Kundi moja, mtaa mmoja, kamera mbili zilizotofautiana kwa saa 6. Mkubaliane mapema kwamba kila kamera itawekwa kwa mtindo wa saa 24, na saa saba mchana ni 13:00.

Kichwa cha tatu kiko mpakani. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, na upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika vilevile. Ukiwa Manyovu au vijiji vya juu vya Buhigwe, simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kujirudisha saa moja nyuma yenyewe. Faili la GPX halitaathirika, kwa kuwa linafuata saa za dunia. Lakini saa inayoonekana kwenye kioo imebadilika, na picha zilizopigwa na simu hiyo nazo zimebadilika katikati ya siku. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima kubadilisha saa za eneo kiotomatiki, chagua mwenyewe saa za Afrika Mashariki.

Dawa ya yote haya ni moja na haina gharama. Kabla ya kuanza, fungua kwenye simu programu inayoonyesha saa pamoja na sekunde, kisha ipige picha kwa kamera yako. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya siku. Jioni JOSM inakuruhusu kuifungua picha hiyo, ukaandika saa unayoisoma kwenye kioo cha simu, nayo inapiga hesabu ya tofauti na kuzisogeza picha zote kwa kiasi hicho. Rudia mwisho wa siku ili kuhakikisha. Ukifanya hivyo, haijalishi kamera inadhani ni mwaka gani.

Kutokana na hilo tunapata kipimo cha kununulia. Saa ya kamera inayokimbia au kuchelewa sekunde moja au mbili kwa siku haina neno. Saa ya namna hiyo ni ya kawaida. Isiyofaa ni saa inayoruka katikati ya kazi. Kamera ina betri nyingine ndogo ndani, au kitu kama hicho, kinachotunza saa wakati betri kubwa imetolewa. Kwenye kamera kuukuu kitu hicho hufa. Ukibadilisha betri saa sita mchana, kamera inarudi tarehe mosi Januari ya mwaka ilipotengenezwa, na picha za mchana wote zinakuwa yatima. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujauliza bei ya mwisho: weka saa, toa betri, zungumza na muuzaji dakika kumi, rudisha betri. Kama saa imepotea, iache.

Zipo kamera ndogo zenye GPS ndani, na baadhi yake leo zinapatikana mtumba: Canon PowerShot SX230 HS na SX260 HS, Nikon Coolpix za mfululizo wa AW, Olympus TG-4 na zilizofuata. Zinapunguza kazi ya jioni, lakini zina tabia zake. GPS ya kamera huchelewa kupata setilaiti baada ya kuwashwa, na nyingine huendelea kuandika mahali pa mwisho ilipopajua, kwa hiyo unaweza kujikuta na picha ishirini zilizorundikana nukta moja. Inakula betri pia. Na mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma. Ukiikuta kamera ya GPS kwa bei ileile ya isiyo nayo, ichukue. Usiongeze fedha nyingi kwa ajili hiyo tu.

Kwa nini simu isitoshe?

Kwa watu wengi inatosha, na lazima niseme hivyo waziwazi kabla mtu hajatoa fedha ya ada kununua kamera. Simu janja ya kawaida ina GPS, ina saa sahihi, inaandika mahali ndani ya picha, na ukiwa mahali peupe kosa lake ni kama mita 5. Kama kazi yako ni kurekodi mabomba kumi ya Katubuka au shule za kata moja, tumia simu.

Kamera inaanza kujilipa pale kazi inapokuwa ya siku nzima. Simu inayorekodi njia, huku kioo kimewashwa kwa mwanga wa juu na kamera inafunguliwa kila dakika, haifiki jioni. Betri ikiisha umepoteza vyote kwa pamoja: njia, picha na mawasiliano. Ukigawa kazi, simu inakaa mfukoni kimya ikirekodi njia, na kamera mkononi inapiga picha. Pia kuna suala la jua. Kioo cha simu ya bei ndogo hakionekani saa saba mchana. Baadhi ya kamera ndogo za zamani zina kitundu cha kuchungulia kwa jicho, na kitundu hicho kinafanya kazi katika jua lolote bila kutumia umeme. Ni sifa ambayo muuzaji hataitaja, nawe ukiiona ujue umepata kitu.

Wepesi ndio tofauti nyingine. Washa kamera na uhesabu hadi ipige picha ya kwanza. Piga tano mfululizo. Kama unasubiri sekunde tatu au nne kati ya picha na picha, basi kwenye mtaa wenye maduka kila upande utakuwa unasimama badala ya kutembea, na baada ya nusu saa utaanza kuruka vibao kwa uchovu. Ramani yenye mapengo mara nyingi inatokana na kamera nzito.

Kwa wanaotaka kupiga kutoka juu ya bodaboda, hesabu inabadilika kabisa. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, kamera ikifungua kwa 1/60 ya sekunde, kibao cha pembeni kinasogea sentimita 17 wakati picha inachukuliwa. Herufi ya sentimita 10 imefutika. Kwa 1/1000 ya sekunde, kinasogea sentimita moja tu. Kwa hiyo unahitaji kamera inayokuruhusu kuchagua kasi hiyo au yenye kipengele cha michezo, na unahitaji mwanga wa kutosha. Unahitaji pia ipige yenyewe kwa vipindi, kwa sababu dereva na abiria wote wana kazi ya kushika: picha moja kila sekunde 2 kwa mwendo huo ni picha moja kila mita 20. Baadhi ya Canon PowerShot za zamani hazina uwezo huo kiwandani, lakini programu ya bure ya CHDK, inayowekwa kwenye kadi bila kuibadilisha kamera yenyewe, inazipa.

Kamera za michezo kama GoPro zimezoea kazi hii, ila angalia mambo mawili. Pembe yake ni pana mno: kwa upana wa nyuzi 120, ile herufi yetu ya mita 10 inabaki na pikseli kama 11 badala ya 32. Barabara utaiona vizuri. Jina la duka huenda usilisome. Na toleo lisikudanganye: HERO12 Black ya mwaka 2023 iliondolewa GPS, ambayo ilirudi kwenye HERO13, wakati HERO5 Black ya zamani zaidi inayo.

Jua letu lenyewe lina neno. Kigoma iko mbali magharibi katika saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kufika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita. Saa hizo za utosini vibao vilivyo chini ya bati la kibaraza viko gizani kabisa huku ukuta mweupe wa mbele unawaka. Kamera inapima ule weupe, inapunguza mwanga, na kibao kinatoka cheusi. Tafuta kamera yenye kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa ili uweze kuongeza mwanga mwenyewe, au washa flashi ukiwa karibu, ndani ya mita tatu. Njia rahisi zaidi ni kufanya kazi ya maduka asubuhi hadi saa nne na nusu, na kuyaacha madaraja, visima na njia kwa mchana.

Vumbi la kiangazi ndilo muuaji wa kamera hapa. Lenzi inayotoka nje na kurudi ndani kila ukiwasha inavuta vumbi jekundu kila safari, na siku moja inakwama nusu njia na kamera haifunguki tena. Kama safari zako ni za barabara za vumbi, au za boti kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini ambavyo havina barabara, tafuta kamera ngumu zisizoingiza maji, ambazo lenzi yake haitoki nje. Picha zake kwenye pembe si kali sana. Kwa kibao cha zahanati hilo halina maana. Kabla ya boti, kagua mpira wa mlango wa betri. Ukiwa umepasuka, hiyo si kamera ya maji tena.

Kuhusu umeme, kuna shule mbili. Kamera zinazotumia betri za AA zinapendwa kwa sababu betri zinauzwa kila kioski. Lakini zile betri za bei ndogo za kioski, za tochi na redio, hazifai: kamera inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, nazo hulegea baada ya picha chache tu. Nunua betri nne za kuchaji za aina ya NiMH, na hapo kamera ya AA inakuwa mwenzi mzuri wa kijijini. Kamera zenye betri yake maalumu hudumu zaidi kwa chaji moja, ila hakikisha betri hiyo bado inatengenezwa, haijavimba, na chaja ipo. Nzuri kuliko zote ni ile inayochajiwa kwa waya wa USB, maana pawabenki au sola ndogo inaihudumia popote.

Kadi ni jambo fupi: hakikisha ni SD. Olympus za zamani zilitumia kadi za xD na Sony za zamani zilitumia Memory Stick, na kuzipata leo ni usumbufu. Kamera za zamani sana husoma SD hadi GB 2 tu. Hata hizo zinabeba mamia ya picha ukipunguza ukubwa hadi megapikseli 5 au 8, jambo ninaloshauri kwa vyovyote, kwa sababu picha 500 za MB 4 ni GB 2 za kupakia kwa bando lako.

Soko lenyewe limegeuka kuwa la mtumba, na hilo lina manufaa kwetu. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walihesabu zaidi ya kamera za dijitali milioni 120 zilizosafirishwa duniani. Kufikia 2020 zilikuwa chini ya milioni 10. Simu zilizila kamera ndogo. Zile za miaka ya 2010 hadi 2015 ziko makabatini kila mahali, na nyingi bado nzima. Kwa fedha yangu, ningetafuta PowerShot ya megapikseli 12 hadi 16, lenzi inayoanzia milimita 28 au chini, zumu ya mara nne au zaidi, saa isiyopotea, na betri mbili. Kwa mtu wa boti na vumbi, kamera ngumu ya mtumba hata ikiwa na mikwaruzo. Kwa anayetaka kupima vipimo kutoka kwenye picha, au kupiga kutoka angani, huo ni ununuzi mwingine kabisa, na ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA.

Kamera pia huwaogopesha watu, na wana haki. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, upate ridhaa na ikiwezekana barua. Kwa mwenye duka, salamu kwanza: "Shikamoo mzee, tunachora ramani ya mtaa, tunaomba tupige kibao chako, wewe hutaonekana." Kisha timiza, elekeza lenzi juu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni yake. Usipige kambi za jeshi, polisi, bandari wala stesheni bila ruhusa, na maeneo ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu usiyasogelee na kamera kabla ya kibali cha maandishi.

Mwisho, namna ya kuzifikisha picha kwa mwenye kompyuta. Makundi mengi hutumiana kwa WhatsApp, na hapo kazi ya siku nzima inapotea bila mtu kujua: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa, na saa na mahali vilivyoandikwa ndani yake vinafutwa. Itume kama waraka, na kila kitu kinabaki. Picha zikiwa nyingi, peleka kadi yenyewe, na mwenye kompyuta anakili folda nzima kabla ya kuzungusha, kukata au kubadilisha jina la picha hata moja.